Wasitarajie picha

Mwandishi, naongezea kuhusu SALSA, darubini ndogo za redio zilizoko Onsala, Sweden, kwa sababu naona zinamfaa mwalimu wa kawaida kuliko madishi makubwa uliyoyasifia. Dishi lina kipenyo cha mita 2.3 tu, na mwanafunzi huliongoza kupitia intaneti akiwa darasani kwake. Mawimbi ya redio hupenya mawingu wala hayangoji giza, kwa hiyo kipindi kinafanyika saa nne asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe.

Shida ni kwamba wanafunzi wengi hutarajia picha za kupendeza. Hapa hawazipati. Wanapata mchoro wa mstari wenye vilima viwili vitatu karibu na megahezi 1420, masafa ya gesi ya haidrojeni. Utamu uko hapo hapo. Kilima kikihamia masafa ya chini, gesi inatukimbia; kikihamia ya juu, inatujia. Vilima kadhaa huashiria mikono kadhaa ya galaksi yetu. Kwa hesabu za sekondari tu, mwanafunzi anapata kasi ya gesi, kisha anagundua kuwa haishuki kadiri unavyokwenda mbali na kitovu, tofauti na sayari zinazolizunguka Jua. Swali la maada isiyoonekana, ambayo mvuto wake ungeeleza kasi hiyo, linazaliwa kwenye daftari lake mwenyewe.

Walimu wenzangu, fundisheni athari ya Dopla, yaani huko kuhama kwa masafa, kabla ya kufungua kompyuta. Bila hiyo, watoto watabonyeza vitufe na kuondoka mikono mitupu.