Kuku Walikufa Huku Wakinywa Dawa

Barua ya wazi kwa Afisa Mifugo wa halmashauri yetu, mkoani Shinyanga

Ndugu Afisa,

Pole kwa majukumu. Najua yalikuwa mengi siku niliyokupigia kuhusu kuku wangu 400 wa nyama, maana ulinijibu nikanunue oksitetrasaiklini, ukakata simu.

Nikanunua. Muuzaji hakuuliza cheti wala dalili. Alisema vijiko viwili vya ule unga wa njano kwa ndoo ya lita 20, nisipoona nafuu niongeze cha tatu. Wakanywa, wakafa. Niliyempasua, moyo na ini vilikuwa vimegubikwa na utando mweupe mzito. Mtaalamu angeshtuka palepale, lakini mtaalamu ni wewe, na hukuja.

Mizoga niliipeleka maabara nje ya mkoa kwa nauli yangu. Majibu yalikuta banda tupu: bakteria aina ya Escherichia coli, sugu kwa oksitetrasaiklini, sugu kwa salfa. Yaani kuku walikufa huku wakinywa dawa, dawa uliyoitaja wewe bila kuona hata kinyesi chao. Mkopo wa kikoba bado nalipa.

Mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa ulianza mwaka 2017. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2028. Bandani kwangu haujafika. Labda nao, kama wewe, unasubiri mafuta ya gari.

Usidhani hasara ni yangu peke yangu. E. coli huishi kwenye utumbo wa kuku na wa binadamu, na vinasaba vya usugu huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Huku kwetu kuku akianza kuzubaa huuzwa upesi. Anatupwa kwenye tenga, jioni yuko Katoro au Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, na mikono iliyomchinja ndiyo inayokata kachumbari ya wachimbaji. Mmoja wao akiugua njia ya mkojo atapewa septrini, ambayo nayo ina salfa. Kuku walikufa wakinywa dawa, yeye je?

Chukueni sampuli kabla ya kutaja dawa. Zuieni antibayotiki kuuzwa kama pipi. Nanyi mnaosaini posho za semina za Afya Moja, ile ya kuunganisha afya ya watu na ya mifugo, siku moja semina ifanyieni bandani.

Nataka jibu la maandishi: mwaka huu ni duka gani la dawa za mifugo lililokaguliwa wilayani hapa, na nani alilikagua?

Mfugaji wa kuku, Shinyanga