Kumhuisha Mwenzetu ni Faradhi ya Mtaa

Katika kila mtaa wa pwani yetu, mauti yanapobisha hodi, hakosekani ajuaye kukosha maiti na kukata sanda, kwa kuwa wazee walitufunza kwamba hiyo ni faradhi kifaya: wachache wakiitimiza wengine husalimika, na wote wakiiacha, wote hupata dhambi. Ajabu ni kwamba katika mtaa huo huo, mtu akianguka ghafula sokoni na moyo wake ukasita kupiga, hupatikana wengi wa kumpepea, kumwagia maji na kumwita kwa jina lake, wala hapatikani hata mmoja wa kumkandamiza kifua. Kwa rai yangu, bidii tunayoitumia kumsitiri maiti ilistahiki kumfikia kwanza yule ambaye angali anaweza kuokolewa.

Kusita huku kwa moyo si lazima kutokane na mshipa wa moyo kuziba, ijapokuwa aghalabu hiyo huwa ndiyo sababu. Umeme uongozao mapigo huvurugika, moyo ukatetemeka pasipo kusukuma damu, na mtu akazimia papo hapo, pengine akikoroma kwa pumzi za kukata roho ambazo watazamaji huzidhani kuwa ni dalili ya nafuu. Kila dakika ipitayo bila ya msaada hupunguza tamaa ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Tiba ya hapo hapo ni mbili: mikono iliyopandanishwa katikati ya kifua, ikikididimiza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mashine ya kushtua moyo, ambayo huikomesha ghasia ile ili mapigo yapate kurejea katika nidhamu yake.

Wako wahofuo kwamba mashine hiyo mkononi mwa asiye tabibu itaua. Hofu hiyo haina msingi, maana mashine ziwekwazo hadharani humwelekeza mtumiaji kwa sauti, huupima moyo zenyewe, na hukataa kutoa umeme pasipohitajika. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2000 kutoka nyumba za kamari za Marekani, ambako walinzi wa kawaida walifundishwa kazi hii, ulionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa ambao mioyo yao ilikuwa ikitetemeka hivyo, walioshtuliwa kabla ya dakika 3 kutimia tangu kuanguka, asilimia 74 walitoka hospitali wakiwa hai. Waliocheleweshwa zaidi, asilimia 49.

Hata hivyo, kununua mashine pekee si hekima, kwani iliyofungiwa katika ofisi ya mkubwa aliyekwenda na ufunguo wake haina tofauti na isiyokuwapo, na hata iliyo wazi humkuta mgonjwa amekwisha ikiwa hakuna aliyekandamiza kifua chake wakati inafuatwa. Tuitazame Denmark, ambayo tangu mwaka 2006 humtaka kila atafutaye leseni ya udereva ajifunze kwanza kuhuisha. Baina ya mwaka 2001 na 2010 sehemu ya wagonjwa waliosaidiwa na wapita njia ilipanda kutoka asilimia 21 hadi 45, na walioishi siku 30 wakaongezeka kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Nchi hiyo hiyo, mwezi Juni 2021, ilimwona mchezaji wake wa kandanda, Christian Eriksen, akianguka uwanjani Copenhagen, akahuishwa palepale, na mwaka uliofuata akarudi kucheza.

Sisi tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mjini Dar es Salaam, lakini mabingwa wake hawawezi kumtibu mtu aliyekwisha kufa njiani. Kwa hiyo wenye mamlaka na wauanzishe ufundi huu katika mafunzo ya udereva na katika madarasa ya juu ya shule; sheria na imlinde msaidizi mwenye nia njema asije akageuzwa mshitakiwa; kisha mashine na ziwekwe wazi penye umati, kama vile vivukoni Likoni na Kigamboni, masokoni na viwanjani. Nawe msomaji, usingoje amri: mtafute muuguzi wa mtaa wako, umwombe awafundishe.