Sheria zimebadilika, Kasongo na Kabambare wasiachwe nyuma

Mama wa Kabambare anayetaka kupeleka mashitaka mahakamani hahitaji tena ruhusa ya bwana wake. Sharti hilo la sheria ya familia ya mwaka 1987 liliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016, ambayo pia iliweka miaka 18 kuwa umri wa kuolewa kwa binti. Lakini karani asiyejua mabadiliko hayo anaweza kumrudisha mama huyo nyumbani, na haki yake ikaishia mlangoni.

Ndivyo ilivyo pia kwa madini. Tangu sheria ya Machi 2018, kampuni inayochimba inatakiwa kutoa asilimia 0,3 ya mapato yake kwa maendeleo ya wakaaji wa eneo lake. Huko Salamabila, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, wakaaji watadai vipi haki hiyo kama mtetezi wao bado anashika kitabu cha mwaka 2002?

Mawakili, watetezi wa mahakama, makarani na polisi wa upelelezi wanapaswa kurudi darasani kila mwaka. Mafunzo yasiishie Kindu, kwani barabara ni mbaya na safari ni ya gharama. Chama cha mawakili cha Maniema na wizara ya sheria wapeleke wakufunzi Kasongo na Kabambare, pamoja na vitabu vya sheria mpya, tena waeleze kwa Kiswahili wanachokisema raia.

Wakili asiposoma, anayefungwa si yeye. Ni mteja wake.