Maoni Yanakaribishwa

Katika maneno yote ya kiofisi niliyoyasikia kwa miaka 38 ya kushika chaki na kalamu nyekundu, hakuna yaliyochakaa kama haya mawili: maoni yanakaribishwa. Yamebandikwa ukutani juu ya visanduku vya mbao vyenye kufuli lililoshika kutu, na ufunguo haujulikani uko kwa nani. Yamechapwa nyuma ya vitabu vya kiada, chini ya anwani ya sanduku la posta. Siku hizi yanatufuata hata ndani ya simu, pamoja na viduara vya kubonyeza: nimeridhika sana, nimeridhika, sijaridhika. Nasema wazi kwamba maneno hayo, yakiandikwa na mtu asiyekusudia kujibu, ni utovu wa adabu. Tena ni utovu wa adabu uliovaa suti.

Kilichonichochea kuandika ni kijitabu. Taasisi moja, ambayo sitaitaja, ilitoa mwongozo wake wa uandishi na kuusambaza kwa wote wanaoandaa nayo vitabu, mitihani na taarifa, vyuo vya ualimu vikiwamo. Pengine msomaji atauliza mwongozo huo ni kitu gani. Si kamusi, wala si kitabu cha sarufi. Kamusi itakuambia neno lipo na maana yake ni hii. Sarufi itakuambia sentensi hii imesimama na ile imelala. Mwongozo huanzia hapo hao wawili walipoishia. Kati ya njia mbili au tatu ambazo zote zinaweza kutetewa, mwongozo unakuambia nyumba hii imechagua ipi. Tuandike rafiki zangu, marafiki zangu au marafiki wangu? Herufi kubwa iwekwe kwenye neno mkuu wa chuo, au iwekwe kwenye jina lake tu? Fedha ziandikweje, na saa je?

Wapo wanaoona haya ni mambo ya wazee wasio na kazi. Hao hawajapata kuwa wanachuo. Mimi nimekaa na wakufunzi wawili, milango yao ikitazamana, mmoja akikata alama kwa marafiki zangu na mwingine akikata alama kwa marafiki wangu, na kijana yuleyule akipita kwa wote wawili ndani ya wiki moja. Kijana huyo atakwenda kufundisha watoto 60 darasani akiamini kwamba Kiswahili ni bahati nasibu. Kwa hiyo mimi si adui wa miongozo. Naitaka, na nimepata kuiandika.

Basi mwongozo ulikuja, na pamoja nao ikaja hojaji ya maswali 12. Je, mpangilio wa sura unavutia? Je, ukubwa wa maandishi unafaa? Je, kwa jumla umeridhika kwa kiwango gani, kuanzia 1 mpaka 5? Hapakuwa na swali hata moja lililouliza: ni kanuni ipi iliyokushinda, na ulipofika hapo ulifanya nini? Mimi na wenzangu watatu, wastaafu wote, tuliiweka hojaji pembeni tukaandika barua. Ilikuwa na hoja 27, kila moja na ukurasa wake na mfano wake. Miaka miwili baadaye toleo jipya likatoka. Zile kanuni 27 zilikuwa zimekaa palepale, koma kwa koma. Na katika dibaji tulishukuriwa: taasisi iliwashukuru “wadau wote waliotoa maoni yao yenye thamani kubwa.” (Neno hili wadau nalo limekuwa gunia, ukiwatia watu humo huna haja tena ya kumjua hata mmoja wao kwa jina.)

Sikukasirika kwa sababu hoja zetu zilikataliwa. Hazikukataliwa. Kukataa ni kazi: humlazimu anayekataa asome, apime, kisha aseme kwa nini. Hapa hapakuwa na aliyefanya kazi hiyo.

Nitoe mifano, maana bila mifano hii itakuwa manung'uniko tu.

Mwongozo unaagiza saa zote ziandikwe kwa mtindo wa kimataifa wa saa 24, “ili kuleta uwiano”. Katika ratiba ya ndege jambo hilo halina ubaya. Lakini Mswahili huhesabu saa zake tangu jua linapochomoza, na linapozama huanza tena. Saa moja asubuhi ya kwetu ni saa saba ya kwenye uso wa saa ya Mzungu. Mtu akimwambia mama yangu saa nane, bila neno jingine, mama huangalia jua lilivyopinda baada ya adhuhuri. Sasa mwalimu mkuu mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, alitii mwongozo. Aliwaandikia wazazi kwamba kikao kitaanza saa 8:00. Walimu wakakaa asubuhi na wazazi wachache waliokuwa jirani, wakapitisha michango ya chakula cha mchana. Mchana, jua likiwa utosini, wakaanza kuwasili wa vijiji vya mbali, wakakuta viti vimekwisha kurudishwa darasani. Kwa miezi mingi wazazi hao waligoma kulipa mchango ambao, kwa haki kabisa, walisema umepitishwa bila wao. Watoto ndio walioshinda na njaa. Hilo lilikuwa hoja ya 4 katika barua yetu, na tuliomba nyongeza ndogo tu: barua inayokwenda kwa wananchi itaje asubuhi, mchana, jioni au usiku, na ifuate saa za Kiswahili.

Mfano wa pili ni fedha. Mwongozo umepiga marufuku ile alama tunayoweka baada ya kiasi, mkwaju na mistari miwili, 5,000/=, kwa hoja kwamba imepitwa na wakati kwa kuwa senti hazitumiki. Aliyeandika hivyo hajapata kuketi na mhasibu. Karani wetu wa fedha pale chuoni, mtu mkimya sana, alipousoma alisema, “Mwalimu, hiyo mistari ndiyo kufuli langu.” Maana yake ni kwamba ukiacha nafasi wazi baada ya tarakimu, mwenye mkono mwepesi huongeza sifuri, na stakabadhi ya elfu tano ikawa ya elfu hamsini. Yamkini taasisi ina dawa nyingine ya ugonjwa huo. Ingetuambia basi.

Na mfano wa tatu unachekesha, kama si kuliza. Katika ukurasa wa mfano wa barua rasmi, chini ya YAH:, imeandikwa: “Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.” Nimepambana na sentensi hiyo maisha yangu yote ya kazi. Huyo anayeamrishwa kuhusika ni nani, na atahusika vipi? Na hilo tajwa, lililoning'inia bila kiambishi kama nguo iliyosahaulika kambani, limetoka wapi? Ikiwa kichwa cha barua kipo na kimepigwa mstari, msomaji amekwisha kukiona. Ingia katika neno lako. Wanafunzi wangu niliwafundisha hivyo, nao wakaajiriwa, na wakubwa zao wakawarudishia barua kwa kuwa hazikuhusika na kichwa cha habari. Sasa mwongozo umeibariki.

Najua watakalosema. Watasema watumiaji ni wengi na kila mmoja ana lake. Tukimfuata kila mtu mwongozo utageuka gulio. Sijaomba kufuatwa. Mimi ni mwalimu, nami naufahamu mfano wa karibu zaidi: mwalimu anayekusanya madaftari 50 ya insha, akayafungia kabatini, na baada ya mwezi akasimama mbele ya darasa akisema asanteni kwa insha nzuri. Hatulazimiki kuwapa wote alama za juu. Tunalazimika kuyarudisha madaftari, na wino mwekundu uwe ndani.

Na wasidhani kwamba kutowauliza watu ni njia ya mkato. Mwaka 1996 serikali za Ujerumani, Austria, Uswisi na Liechtenstein zilitia saini mjini Vienna kanuni mpya za tahajia ya Kijerumani. Wataalamu walikuwa wamejadiliana kwa miaka mingi, na hoja zao nyingine zilikuwa nzuri. Lakini waandishi, wazazi na magazeti walishtuka baada ya saini kukauka. Mwaka 1998 wananchi wa jimbo la Schleswig-Holstein walizikataa kwa kura; mwaka uliofuata bunge la jimbo likaitengua kura hiyo. Mwaka 2000 gazeti kubwa la Frankfurter Allgemeine Zeitung likarudi kwenye tahajia ya zamani. Ikabidi mwaka 2004 liundwe baraza la kusikiliza pande zote, na mwaka 2006 kanuni zikatolewa zikiwa zimerekebishwa. Miaka kumi ikapotea.

Kwetu nako tunao uzoefu. Kiswahili sanifu chenyewe kilijengwa juu ya lahaja ya Unguja, uamuzi uliopitishwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kuusimamia katika Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kitabu cha shule kilihitaji ithibati yake. Waliokaa katika viti vyake miaka ile ya mwanzo wengi walikuwa maofisa wa elimu na wamisionari. Kazi yao sitaidharau. Mimi na wewe tunasoma ukurasa huu kwa tahajia yao. Lakini wenye lugha waliletewa nguo iliyokwisha kushonwa, nao watu wa Mombasa, wenye Kimvita chao na mashairi yao ya karne nyingi, hawakuacha kulisema hilo. Msomaji atakiona kilio hicho katika kitabu cha Chiraghdin na Mnyampala, Historia ya Kiswahili, cha mwaka 1977. Jambo lililopitishwa ndani ya chumba mwaka 1928 lilikuwa bado linabishiwa nusu karne baadaye.

Tena watumiaji hutoa maoni kila siku bila kujaza fomu yoyote. Waliambiwa tarakilishi, wengi wetu huku Tanzania tukasema kompyuta. Waliletewa kishikwambi, na watu waliocheka mwanzoni wakalizoea, hasa baada ya makarani wa sensa ya mwaka 2022 kupita nyumba kwa nyumba wakiwa nacho mkononi. Hayo ndiyo maoni yenyewe, na bei yake ni kutembea na kusikiliza.

Kile kitabu maarufu cha mtindo cha matbaa ya Chuo Kikuu cha Chicago, kilichochapwa mara ya kwanza mwaka 1906, hakikuanzia kwa kamati ya wakubwa. Kilitokana na karatasi za kanuni walizojiwekea wapanga chapa na wasoma prufu, waliohangaika na miswada ya maprofesa. Kwenye jalada hakikuitwa kwa jina la mji. Wasomaji ndio waliokiita “cha Chicago”, mpaka mwaka 1982, katika toleo la 13, wenyewe wakasalimu amri na kulitia jina hilo jaladani.

Pale chuoni tulikuwa na mwongozo wetu mdogo, kurasa 16 zilizopigwa kwa mashine ya kurudufu, wa kuandikia maazimio ya kazi, maandalio ya somo na taarifa za mafunzo kwa vitendo. Kando yake, katika chumba cha wakufunzi, niliamuru ifungwe kaunta buku kwa kamba, na kalamu yake. Kila ukurasa ulikuwa na safu tatu: ulikuwa unatafuta nini, ulikipata au hukukipata, uliamua nini. Safu ya nne ilikuwa yangu, nami niliijaza kila mwisho wa muhula kwa mkono wangu na kutia saini. Mara nyingi niliandika hapana. Mkufunzi mmoja wa hisabati aliniandikia miaka mitatu mfululizo kuhusu alama ya desimali, nami nikamjibu hapana miaka mitatu mfululizo, kila mara na sababu, naye hakuacha kuandika. Mpiga chapa wetu, mama aliyeishia darasa la saba, ndiye aliyejaza kurasa nyingi kuliko wote, kwa sababu kila karatasi ya chuo ilipita mikononi mwake. Hojaji ya maswali 12 isingemfikia mama yule. Ilitumwa kwa “wakuu wa taasisi”.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waandishi wa miongozo aghalabu hawailalii. Hawaandiki barua kwa wazazi, hawatoi stakabadhi, hawasahihishi madaftari 120 kwa taa ya kandili. Waende basi kwa wanaofanya hayo. Waombe kuonyeshwa nakala yenyewe, wautazame ukurasa uliochafuka kwa vidole na ule ambao bado umegandana tangu utoke matbaani. Waulize mara ya mwisho ulifunguliwa kwa haja gani. Kisha toleo lijalo liwe na kurasa za mwisho zenye hoja zilizoletwa na majibu yake, zilizokubaliwa na zilizokataliwa, pamoja na jina la ofisa aliyejibu.

Barua ya pili nimekwisha kuipeleka, safari hii kwa mkono, na nimegongewa muhuri wa masjala kwenye nakala yangu. Haina hoja 27. Ina moja tu, ile ya 4, ya saa, nami nimeomba nijibiwe ndiyo au hapana kabla shule hazijafunguliwa Januari.