Kwa Nini Mchezo wa Isidingo Ulipoa?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo linalobishaniwa sana mabwenini, na hata majumbani kwetu wakati wa likizo. Watu husema kwamba michezo mirefu ya televisheni, ile inayoendelea mwaka hata mwaka, huanza vizuri ikaisha vibaya. Wakubwa zetu wakitaka kuthibitisha neno hilo huutaja mchezo mmoja, nao ni Isidingo wa Afrika Kusini, ambao wazazi wengi wa Tanzania waliufuata kupitia ITV. Husema kwamba ule wa zamani ulikuwa mchezo kweli, bali ule wa miaka ya mwisho ulikuwa kelele tupu. Wenzangu hujibu kwamba wazee husifu kila kitu cha zamani, na kwamba mchezo haukushuka hata kidogo ila wao ndio waliozeeka.

Mimi sehemu chache niliziona nikiwa mdogo, nyingine nimesimuliwa na waliozijua vizuri. Katika ubishi huu nasimama upande wa wazee: mchezo ulishuka. Lakini sababu wanayoitoa, yaani kwamba kila kirefu huchosha, siikubali. Nami nataka kueleza kwa nini.

Kwa faida ya wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza yafaa kwanza nieleze mchezo wenyewe. Ulianza kuonyeshwa tarehe 7 Julai 1998 katika stesheni ya SABC 3, nao ulibuniwa na Bwana Gray Hofmeyr. Neno isidingo ni la Kizulu na Kixhosa, na maana yake ni haja, au kitu mtu anachokihitaji. Mchezo ulionyeshwa siku 5 za kila juma hata ukakoma tarehe 12 Machi 2020, yaani miaka 22 kasoro miezi michache. Mahali pake palikuwa mji wa kubuni ulioitwa Horizon Deep, na mji huo uliishi kwa mgodi wa dhahabu.

Kumbukeni wakati wenyewe. Afrika Kusini ilikuwa imepiga kura yake ya kwanza ya watu wa rangi zote mwaka 1994, miaka 4 tu kabla ya mchezo kuanza. Watu waliokuwa wametengwa kwa sheria sasa walitakiwa kufanya kazi pamoja, na mtu mweusi aliyezoea kuamriwa sasa aweza kuamuru. Mgodi ulikuwa mahali pazuri pa kuyaonyesha hayo, maana wote walikuwa pale kwa haja moja, nayo ni mshahara. Walikuwapo akina Matabane, yaani Zebedee na mkewe Agnes, watu wa heshima wenye kulea watoto katika dunia iliyogeuka. Alikuwapo Barker Haines, tajiri mwenye hila, aliyechezwa na Robert Whitehead, ambaye watazamaji walimchukia nao hawakutaka aondoke. Baadaye akaja binti aitwaye Nandipha, aliyechezwa na Hlubi Mboya, aliyekuwa akiishi na virusi vya UKIMWI. Wakati ule watu wengi waliogopa hata kulitaja gonjwa hilo, na hapo palikuwa na binti mzuri anayelitaja sebuleni kwa watu kila jioni.

Basi, mchezo huo ulipungukiwa na nini? Jibu langu ni moja: uliusahau mgodi. Kadiri miaka ilivyokwenda, uzito wa hadithi ulitoka kwa wachimbaji ukahamia katika ofisi za wakubwa na katika stesheni ya televisheni ya kubuni iliyoitwa ON!TV. Watu wakawa wakigombania hisa, vyeo na wachumba. Mgodi haukufutwa kabisa, lakini ulibaki kama jina la kijiji ambacho mtu alizaliwa, naye harudi tena.

Mtu aweza kuniuliza, kuna hasara gani? Je, watu wa ofisini si watu? Ni watu, ndiyo. Lakini tazameni jinsi hadithi inavyofanya kazi. Mtu mwenye kazi ngumu ana saa ya kuamka, ana mkubwa wake, ana mshahara usiotosha, ana hatari inayomngoja na watoto wanaotaka kula. Watu wa namna hiyo wakigombana, ugomvi wao una sababu, na kila mtazamaji aweza kuipima sababu hiyo kwa maisha yake mwenyewe. Ukiiondoa kazi, ugomvi hubaki lakini sababu imekwenda. Ndipo mwandishi wa mchezo hulazimika kutafuta sababu za ajabu: huyu ametekwa, yule ameuawa, mwingine aliyedhaniwa amekufa amerudi. Mambo hayo ni kama pilipili. Leo hutia moja, kesho mbili, na mwisho wake mlaji haonji tena samaki wala mboga, ila huungua ulimi tu.

Hata uovu wa Barker Haines ulipungua maana kwa njia hiyo. Tajiri mwovu mwenye mgodi ni mtu wa kuogopwa, maana akiamua neno moja watu mamia watalala njaa. Tajiri mwovu asiye na watu chini yake ni mtu mwenye tabia mbaya tu, na wa namna hiyo twawaona kila mahali bila kuwasha televisheni.

Sasa nijibu hoja za wenzangu. Hoja ya kwanza ni ile ya umri, kwamba mchezo wowote ukidumu miaka 20 lazima uchoke. Hoja hii haisimami. Huko Uingereza mchezo wa redio uitwao The Archers ulianza kutangazwa nchi nzima na BBC mwaka 1951, nao ungali ukiendelea. Mchezo huo ni wa wakulima, na hapo mwanzo ulikusudiwa pia kuwafundisha wakulima njia bora za kulima na kufuga baada ya vita. Mchezo wa televisheni uitwao Coronation Street ulianza Desemba 1960, nao ni wa mtaa mmoja wa watu wa kazi za kawaida katika kaskazini ya nchi hiyo. Siyo kwamba michezo hiyo haina lawama. Hapana, Waingereza huilalamikia kila siku kama sisi tunavyolalamikia yetu. Lakini imedumu zaidi ya miaka 60, na kila moja ingali na mahali pake na watu wake. Kwa hiyo umri peke yake hauui mchezo.

Hoja ya pili ni ya fedha. Mwaka 2019 SABC walipotangaza kwamba mchezo utakoma walisema watazamaji wamepungua na mapato hayatoshi. Hayo ni kweli, tena si mambo mapya. Waingereza na Wamarekani huiita michezo ya namna hii michezo ya sabuni, kwa kuwa zamani huko Marekani makampuni ya sabuni ndiyo yaliyoigharimia ili yatangaze bidhaa zao. Pasipo watazamaji hapana tangazo, na pasipo tangazo hapana mchezo. Lakini kusema watazamaji walipungua siyo kueleza kwa nini walipungua. Wala haifai kusema kwamba watu wa Afrika Kusini waliacha kupenda michezo mirefu. Mwaka 2015 ulianza huko mchezo wa Uzalo, unaotoka katika kitongoji cha KwaMashu karibu na Durban, ukapata mamilioni ya watazamaji wakati ule ule Isidingo ulipokuwa ukipoteza wake. Watu hawakuchoka na michezo. Walikwenda kutafuta mtaa unaofanana na mitaa yao.

Hoja ya tatu husema kwamba mambo hayo ni ya Afrika Kusini na Ulaya, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana, na hata hatuna haja ya kwenda mbali. Tanzania Bara haikuwa na televisheni yake hata mwaka 1994, kwa hiyo mchezo mrefu tulioujua kwanza ulikuwa wa redio. Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza mchezo wa Twende na Wakati. Mtu aliyekumbukwa zaidi ndani yake aliitwa Mkwaju, naye alikuwa dereva wa lori. Tazameni tena kazi ilivyosaidia: kwa kuwa ni dereva, yuko njiani siku nyingi, kwa kuwa yuko njiani, ana wanawake katika kila kituo, na kwa ajili hiyo akapata UKIMWI akafa. Mkewe, Tunu, alijifunza kujitegemea kwa biashara yake ndogo. Hapakuwa na haja ya mtu kufufuka ili wasikilizaji wangoje sehemu inayofuata.

Tena mchezo huo ulipimwa. Kwa miaka 2 ya mwanzo haukutangazwa katika eneo la Dodoma, ili wataalamu wapate kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Waligundua kwamba mahali uliposikika watu walibadilika zaidi katika mambo ya uzazi wa mpango. Basi asiseme mtu kwamba michezo ni upuuzi wa kupotezea wakati. Mchezo mzuri una nguvu ya kubadili nyumba ya mtu, na kwa hiyo kushuka kwake ni hasara ya watu wote, si ya watazamaji wavivu peke yao.

Sasa nifike kwetu. Siku hizi Watanzania wenyewe hutunga michezo mirefu ya televisheni, na mingine, kama Huba na Jua Kali, imepata watazamaji wengi. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mingi ya michezo yetu hutokea mjini, ndani ya nyumba kubwa zenye makochi, na mara nyingi mtazamaji hajui watu wale hupata wapi fedha za kununulia makochi hayo. Nachelea kwamba sisi tunaanza pale pale Isidingo ulipoishia.

Nami najiuliza: ni lini mtu ataandika mchezo wa Karema? Hapa kwetu kuna wavuvi wanaoingia ziwani usiku na taa zao kutafuta dagaa na migebuka, na siku za mbalamwezi hupumzika kwa kuwa taa hazivuti samaki. Kuna kina mama wanaoanika dagaa wakitazama mawingu kwa hofu. Kuna bandari mpya, na ng'ambo ya maji iko Kalemie ya Kongo, pamoja na biashara, wageni na mambo yake yote. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi 3, tangu 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Nyumba nyingi zinazokula kwa ziwa, yetu ikiwa mojawapo, zilijua maana ya neno haja katika miezi ile. Baba mmoja alisema ni sawa, tusipopumzisha ziwa watoto wetu watakuta maji matupu. Mwingine alisema watoto hao hao watakula nini leo? Wote wawili walikuwa na haki. Mwandishi hodari angepata humo sehemu 100 bila kumteka mtu hata mmoja.

Na kama twataka habari za kale, tunazo. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa utotoni akauzwa mtumwa, akakombolewa, akasomeshwa udaktari huko Malta, akafika Karema mwaka 1889. Alitibu wagonjwa hapa hata alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Hiyo nayo ni hadithi ya kazi, na wanafunzi wengi hulijua jina la Barker Haines kuliko la daktari huyu.

Kwa hiyo natoa mashauri mawili. La kwanza ni kwa wazazi na walimu: msitukataze michezo ya televisheni ya Jumamosi jioni, bali tuulizeni baada yake, mtu yule hufanya kazi gani, na fedha yake hutoka wapi? Tukishindwa kujibu, tutajua wenyewe kwamba mchezo una kasoro. La pili ni kwa chama chetu cha maigizo. Mchezo wa mwisho wa muhula uliopita ulikuwa na bastola mbili za mti na harusi tatu, na watu wengi waliondoka kabla haujaisha. Muhula ujao jaribuni mchezo wa miezi 3 ile ya ziwa kufungwa. Nyavu tutaziazima majumbani, na wavuvi wenyewe watakuja kutazama, nao hawatatuacha tukosee.

Wangu katika masomo,

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne
Karema