Kikombe Kilipimwa, Chango Je?

Msomaji, wewe uliyekaa kijiweni na gazeti hili mkononi, unaikumbuka Samunge? Mwaka 2011 barabara ya vumbi iingiayo tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro, ilizibwa na foleni ya magari. Mabasi ya walalahoi na mashangingi ya vigogo, wote walikuwa wanakwenda kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, kunywa kikombe kwa shilingi 500. Hata mawaziri walikunywa.

Serikali haikulala. Ilituma wataalamu upesi kuichunguza dawa ile ya mti wa mugariga, na wananchi wakatangaziwa kuwa haina madhara. Hatulaumu. Babu alifariki mwaka 2021, apumzike kwa amani. Tunachosema ni kwamba siku zile serikali ilituonyesha kuwa ikitaka, wataalamu wanafika Sale na mafuta ya gari yanapatikana.

Sasa tuulize. Mwanamke wa Digodigo anayejikunja kwa maumivu kila mwezi anaambiwa nini? Ana chango. Anayetokwa damu siku kumi? Chango. Asiyeshika mimba? Chango. Neno moja limebebeshwa maradhi chungu nzima.

Huenda ni uvimbe kwenye kizazi. Huenda ni endometriosisi, yaani nyama inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba kuota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unampata mwanamke mmoja kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Sale ni wangapi? Nani ametumwa kuwahesabu?

Na hata pale palipohesabiwa, kazi iliishia njiani. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Je, chanzo ni chakula duni, malaria, minyoo, au hedhi nzito ambayo dada zetu wanaona aibu kuitaja? Bila jibu, tutaendelea kugawa vidonge na kupiga picha.

Usidhani ni ushamba wetu peke yetu. Marekani, mwaka 1977, mamlaka ya dawa ilishauri wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingizwe katika majaribio ya awali ya dawa. Ushauri huo ulifutwa mwaka 1993, baada ya wanawake kupiga kelele. Huku kwetu nani anapiga kelele?

Mwaka 2006, huko Khartoum, Umoja wa Afrika ulizitaka nchi zitumie asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Chama tawala kituambie: katika fedha za utafiti, fungu la maradhi ya wanawake ni shilingi ngapi?

Nawe kijana, usijifiche nyuma ya gazeti. Dada yako akilala kitandani siku tatu unasema anadeka. Mkeo akilalamika unasema ndio mambo yao. Kesho unauza simu kumpeleka hospitali akiwa hoi. Basi mgombea akija na fulana na kofia, muulize swali moja tu: kikombe mlikipima kwa haraka, chango mtakipima lini? Akicheka, mnyime kura.