ADN ya mgazi wa Congo inasomwa ng'ambo, mkulima wa Fizi bado ananunua mche kwa kubahatisha

Mkulima wa Fizi, Kabambare ao Beni anaponunua mche wa mgazi, ananunua kwa kubahatisha. Muuzaji anamwambia ni mbegu bora. Yeye anatoa pesa, anapanda, anapalilia kwa miaka mitatu ao minne. Siku ngazi za kwanza zinapoiva, anakata moja na kukuta kokwa yenye ganda nene, na juu yake nyama kidogo tu ya kutoa mafuta. Kungoa yote na kuanza upya hawezi. Muuzaji wa miche naye haonekani tena.

Hasara hiyo inaweza kuepukwa. Tangu mwaka 2013, wataalamu wanaweza kuchukua kipande kidogo cha jani la mche ungali katika pepinieri, kusoma ADN yake, na kusema utazaa ngazi za namna gani. La kusikitisha ni kwamba elimu hiyo ilianzia Congo, lakini wanaofaidika nayo zaidi leo wako Malaysia na Indonesia.

Kuna namna tatu za mgazi. Dura ina ganda nene na nyama nyembamba. Ndiyo inayojaa katika vijiji vingi. Pisifera haina ganda, lakini kwa kawaida vichane vyake vinaoza kabla ya kuiva. Tenera iko katikati: ganda jembamba, nyama nene, na mafuta yanayopita ya dura kwa karibu asilimia 30 katika shamba lenye ukubwa uleule.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejua kwa nini mbegu za tenera nzuri zilikuwa zinazaa miti isiyofanana na mama yao. Jibu lilipatikana Yangambi, karibu kilometa 100 kutoka Kisangani, katika kituo cha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya wakati wa ukoloni ambayo leo nafasi yake imechukuliwa na INERA. Mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Ukichanganya tenera na tenera, kati ya watoto wanne mmoja atakuwa dura, wawili tenera, na mmoja pisifera.

Hesabu hiyo inamhusu kila mkulima anayeokota mbegu chini ya mgazi mzuri wa jirani. Hektari moja huchukua miche karibu 143. Hata kama baba na mama wote ni tenera, nusu ya shamba haitakuwa tenera, na miti karibu 36 inaweza kukaa bila kuzaa kitu cha maana. Kama mti huo umezungukwa na dura, nusu ya watoto watakuwa dura. Mkulima hakukosa bidii. Alikosa habari.

Mwaka 2013 kundi lililoongozwa na MPOB, taasisi ya mawese ya serikali ya Malaysia, likishirikiana na maabara za Marekani, lilitangaza katika gazeti la sayansi Nature kwamba limepata jeni inayoamua unene wa ganda. Wakaona pia mabadiliko mawili tofauti katika jeni hiyo yanayolifanya ganda lipungue ao lipotee. Moja liko katika ukoo wa migazi uitwao AVROS. Ukoo huo asili yake ni mti mmoja uliojulikana kwa jina la Djongo, katika bustani ya mimea ya Eala, karibu na Mbandaka. Mbegu zake zilipelekwa Sumatra katika miaka ya 1920, na hadi leo damu yake imo katika mashamba makubwa ya Asia.

Si Djongo peke yake. Mwaka 1984 wataalamu wa Malaysia walikuja Zaire kukusanya mbegu za migazi ya asili, kama walivyofanya Nigeria na Cameroun. Sababu yao ilikuwa wazi. Dura za mashamba yao zilitokana na miche minne tu iliyopandwa Bogor, katika kisiwa cha Java, mwaka 1848. Familia inayooana ndani kwa ndani inakosa nguvu ya kupambana na ugonjwa mpya. Waliona hatari hiyo, wakaja kutafuta damu mpya mahali mgazi ulipozaliwa: Afrika ya magharibi na ya kati.

Mbegu hizo zilipofika, watafiti walizipima kwa kile kinachoitwa alama za ADN. Ni sehemu ndogo za ADN ambazo hutofautiana kutoka mti hadi mti. Ukizilinganisha, unajua miti ipi ni ndugu wa karibu, ipi iko mbali, na kundi lipi lina utajiri mwingi wa kurithi. Macho hayawezi kuona hayo. Migazi miwili inaweza kufanana kwa urefu na kwa majani, na kumbe ndani mmoja umebeba nguvu ya kuvumilia ugonjwa wa kunyauka wa Fusarium, unaojulikana Congo tangu miaka ya 1940, na mwenzake hauna.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha. Mgazi si mti wa chakula na sabuni tu. Mwaka 1937, Chavanne wa Chuo Kikuu cha Bruxelles aliandikisha hataza ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya injini. Mwaka 1938 basi lilisafiri kati ya Bruxelles na Louvain likitumia mafuta yaliyotengenezwa kwa mawese. Lengo lilikuwa mawese ya Congo yaendeshe magari. Leo ni Indonesia inayotimiza wazo hilo: tangu mwaka 2025 imeweka kiwango cha asilimia 40 ya mafuta ya mawese katika mazuti yake. Congo, iliyokuwa kati ya wauzaji wakubwa wa mawese duniani kabla ya uhuru, sasa inanunua mawese kutoka nje, na mazuti vilevile.

Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia ADN mashariki mwa Congo ni anasa, wakati barabara hazipitiki na watu wanakimbia vita. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mgazi unazaa miaka 25 na zaidi. Mche mbaya uliopandwa mwaka huu utaendelea kumpunguzia mafuta mwenye shamba hadi watoto wake wawe watu wazima. Aliyerudi kijijini baada ya kukimbia vita, akatumia akiba yake ya mwisho kununua miche, ndiye anayehitaji zaidi kujua anachopanda.

Wengine wanaogopa kwamba mgazi wa mafuta ya magari utakula msitu na kuondoa chakula mezani. Hofu hiyo ni ya haki. Sumatra na Borneo zimepoteza misitu mikubwa. Ndiyo maana mawese ya Congo yanapaswa kuanzia jikoni kabla ya kufika kwenye tanki la gari. Lakini ni dura inayodai ardhi nyingi kwa mafuta machache. Kuongeza asilimia 30 bila kuongeza hata mita moja ya shamba ni njia mojawapo ya kuliacha pori kama lilivyo.

Kuna kosa jingine la kuepuka: kukata migazi yote ya zamani na kujaza tenera ya ukoo mmoja kila mahali. Hapo Congo itakuwa imefuata njia ileile iliyowalazimisha Wamalaysia kuja kuomba mbegu. Migazi ya vijijini, hata ile yenye ganda nene, ni akiba. Ipimwe na ihifadhiwe kabla haijakatwa.

Kazi ya kufanya inajulikana. Kwanza, wizara ya kilimo iipe INERA uwezo wa kukusanya majani ya migazi kutoka Fizi, Kalemie, Maniema, Beni na Tshopo, na kuyapima kwa alama za ADN. Kwamba inawezekana si ndoto: kwa kahawa ya robusta ya Yangambi na ya misitu ya jirani, watafiti wa Congo na wa Ubelgiji wamekwisha kufanya kazi ya namna hiyo. Pili, SENASEM, idara ya taifa ya mbegu, idai kwamba kila pepinieri kubwa na kila shirika linalogawa miche lionyeshe wazazi wa mbegu zake, na sehemu ya miche ipimwe. Hata Malaysia kwenyewe, uchunguzi wa miti zaidi ya 10,000 ya wakulima wadogo ulikuta karibu mmoja kati ya kumi si tenera. Ikiwa huko kwenye maabara nyingi hali ni hiyo, pepinieri za kando ya barabara za Congo hazipaswi kuaminiwa kwa neno tu.

Tatu, serikali ijadiliane na wanaotunza migazi yenye asili ya Congo. Protokali ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, haigusi kwa urahisi mbegu zilizochukuliwa zamani, lakini haizuii Congo kuomba nakala za mbegu, matokeo ya vipimo, na nafasi za masomo kwa vijana wa Kisangani na Bukavu. Na yeyote atakayekuja kesho kuchukua mbegu, aje na makubaliano yaliyoandikwa.

Mti wa Eala ulisaidia kuzitajirisha nchi nyingine. Mkulima wa Fizi haombi utajiri huo wote. Anaomba kujua, siku anapotoa pesa yake, kama mche alioubeba kichwani utampa mafuta ao ganda.